Plastiki Chini ya Draya

Gia ya saba iliingia mahali pake bila kugombana na mtu. Fundi alikaza skrubu mbili, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, na sindano ikapanda na kushuka, laini. Akawasha umeme. Cherehani ikalia trrrr, ikashona kitambaa kutoka ncha hii hadi ncha ile, na Fundi akapiga ukelele uliomfanya mkewe aache kichwa cha mteja nusu kimesukwa na kukimbilia uani na kitana mkononi.

"Imekubali?"

"Imekubali! Njoo uone mwenyewe, mama watoto. Meno yote yanashikana!"

Nyumba yao ilikuwa imegawana kazi. Chumba cha mbele, chenye kioo kirefu na draya mbili za kukaushia nywele, kilikuwa saluni ya Msusi, na ndicho kilichowalisha na kuwalipia watoto wawili waliokuwa shule ya bweni. Chumba cha uani kilikuwa cha Fundi na printa yake. Si printa ya karatasi. Ni ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Tangu kiwanda kifungwe na yeye arudishwe nyumbani na barua ya mistari minne, Fundi alikuwa akichapa vishikio vya milango ya friji, vifuniko vya rimoti, vitu vya namna hiyo, kimoja leo, kingine wiki ijayo, huku akiona haya kila mkewe anapolipia umeme.

Halafu kikaja chuo cha ushonaji. Chuo kilikuwa na cherehani kumi na nane za umeme, zote za aina moja, zote zimevunjika kijigia kile kile cha ndani, na kampuni iliyozitengeneza ilikuwa imeacha zamani kutoa gia hiyo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mwalimu mkuu, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, alimpa Fundi cherehani moja ya kujaribia akamwambia, "Jumamosi saa sita mchana nikute gia kumi na nane mezani. Nikizikuta, karakana ya chuo ni yako, kazi ya kudumu. Nisipozikuta, usijisumbue hata kuja kuaga."

Na kwa upande wa pili lilikuwepo basi. Kaka yake Msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi ingawa hakuwa bosi wa mtu, alikuwa amemtafutia shemeji yake kazi ya kutunza stoo kwenye mji ulio mbali, safari ya siku mbili. Basi lingeondoka Jumapili saa mbili asubuhi. Fundi alikubali shingo upande: gia zikishindikana, anapanda. Angerudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, tena akiruhusiwa.

Msusi hakutaka kusikia habari za basi hilo. Hakulisema kwa mama mkwe, mama yake Fundi waliyeishi naye, wala kwa kaka yake, maana wangemwona mtoto. Lakini kwa miaka mingi alikuwa akisuka huku akimsikia mumewe nyuma ya ukuta akigombana na mashine zake, akizibembeleza, akizitukana, na hakujua angesuka vipi nyumba ikiwa kimya. Begi lenyewe lilikuwa limeshafungwa. Mama mkwe hapendi mambo ya dakika ya mwisho. Alipanga mashati matano na sweta tangu Jumatano, akalisimamisha begi kando ya mlango wa kati, mahali ambapo kila anayepita lazima alipige teke.

"Basi chapa!" Msusi alisema. "Leo Alhamisi. Zimebaki kumi na saba. Chapa, unangoja nini?"

Fundi alikuwa ameshika roli ya uzi wa plastiki, anaizungusha mkononi. Msusi akaona kwa nini inazunguka kwa wepesi vile. Ilikuwa tupu. Gia sita zilizokataa zilikuwa zimeila yote.

Akapiga simu dukani, duka lenyewe ni moja tu mji mzima. Msusi alimsikia mwenye duka akicheka upande wa pili. "Wewe si yule wa roli moja moja? Mzigo bado, kaka. Wiki mbili. Na ukifika, kwanza wenye oda za maana." Fundi akasema ahsante. Alisema ahsante mara mbili, na hiyo ya pili ndiyo iliyomuuma mkewe.

*

Chini ya kitanda chao palikuwa na gunia ambalo Msusi aliamriwa asilifagie. Humo Fundi alitupia kila kilichoharibika: vifuniko vilivyopinda, vishikio vilivyoachia katikati, vitu vilivyoanza vizuri vikaishia kuwa vurugu ya nyuzi kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Hakuvitupa jalalani kwa sababu majirani wangeviona. Mteja alipoondoka, Msusi aliingia chumbani, akalivuta gunia mpaka uani, akalimwaga miguuni mwa mumewe.

"Hii nini?"

"Unajua ni nini. Rudisha."

"Nauliza, hii si plastiki?"

"Ni plastiki iliyoharibika, mke wangu."

"Limeharibika umbo, au imeharibika plastiki?"

Macho ya Fundi yakaenda polepole kwenye kona ya chumba, kwa Mgeni.

Mgeni ilikuwa mashine aliyoiunda mwenyewe miaka miwili nyuma kwa ajili ya kazi hiyo hiyo: bomba la chuma lenye parafujo refu ndani, mota ya waipa ya gari ya kulizungusha, na koili ya joto mdomoni. Unalisha chenga za plastiki huku, unatoka uzi kule. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Iliwahi kutoa uzi mara moja, mbovu, Fundi akakata tamaa akaifunika shuka, na Msusi ndiye aliyeibatiza jina, kwa sababu ilikaa pale kwenye shuka safi, haifanyi kazi yoyote, na hakuna wa kuiuliza itaondoka lini.

"Tusage," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tusage yote!"

Kisagio kilikuwa meno ya misumeno ya mviringo aliyoyapanga kwenye mhimili mmoja, kina mkono wa kuzungusha. Fundi alikata vitu kwa mkasi wa bati, Msusi akazungusha. Kelele ilikuwa ya kutisha, kraa kraa kraa, na chenga zikaanza kumwagika kwenye beseni, nyeupe, nyekundu, kijani, saizi ya punje za mchele. Msusi alisikia raha ambayo hakuitegemea. Kile kishikio kilichomnyima mumewe usingizi mwaka juzi, kraa. Kile kifuniko ambacho mteja alikirusha mezani mbele ya watu, kraa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Polepole, utavunja mkono!"

"Wacha nivunje! Lete kingine!"

Mchana beseni likajaa. Msusi akarudi kwa wateja wake na Fundi akaenda mjini kutafuta koili, maana ile ya Mgeni ilikuwa imeungua. Beseni likabaki uani na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke ambaye aliosha hata sabuni. Aliliangalia beseni, akachota chenga kiganjani, akaona vumbi la chini ya kitanda, akaona unywele, akaona mguu wa mende. Mwanawe na mkwewe wanahangaika, naye amekaa tu. Akachemsha maji.

Fundi aliporudi na koili yake, alikuta chenga zimeanikwa kwenye kitambaa, zinang'aa. Pembeni palikuwa na bonge moja kubwa, la rangi zote, limeshikamana kama mkate.

"Nani ameosha?"

"Mimi," alisema mama yake kwa fahari. "Nimesuuza mara tatu, maji ya moto kabisa. Ila hizi nyingine zimeng'ang'aniana zenyewe, sijui zina nini."

Fundi hakupandisha sauti, kwa mama yake hakupandisha sauti hata siku moja. Alieleza pole pole kwamba plastiki hii ikikutana na maji ya moto inalegea na kugandana, ndiyo maana nusu nzima imekuwa bonge. Na zile zilizosalimika zimekunywa maji. Alifunga koili, akawasha Mgeni, akalisha kiganja kimoja wote waone. Uzi ukatoka unatema, pa, pa, pa, umejaa mapovu kama ulimi wenye vidonda. Akauvunja kwa vidole viwili bila kutumia nguvu.

"Mwanangu, ningejuaje?" mama mkwe alisema, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kufuta. "Zilikuwa chafu."

"Hukujua, mama. Si kosa lako."

Lakini baada ya kusema hivyo alienda akaketi juu ya begi.

*

Ijumaa kulikuwa na mawingu, na lile jua dogo lililojitokeza lisingekausha hata leso. Jikoni hakufai, moto wa jikoni ungeyeyusha kila kitu. "Linatakiwa joto la kiasi," Fundi alieleza, akipima hewani kwa mikono. "Joto na upepo, saa nne au tano mfululizo. Wenye viwanda wana kabati maalumu. Sisi hatuna."

Msusi alikuwa anapanga rola zake za nywele kwenye kikapu. Akaacha. Akashika rola moja, akaiminya.

"Hii nayo ni plastiki," alisema.

"Sawa."

"Inakaa kichwani kwa mtu chini ya draya saa nzima. Haijawahi kuyeyuka. Wala mtu hajawahi kuungua. Joto la kiasi. Na upepo."

Walitazamana. Fundi alikuja mbio saluni, akaingiza mkono ndani ya kofia ya draya, akawasha, akafumba macho. Akaongeza kidogo, akapunguza kidogo. Alipofumbua alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

Wakatia chenga ndani ya foronya, wakaifunga, wakaiketisha kwenye kiti, wakaishushia kofia ya draya. Ilikaa pale mnene mnene, kama mteja anayejua haki zake.

Ijumaa ndiyo siku ya wateja. Kwa draya mbili Msusi huwa anakimbizana nao. Kwa moja, saa tano asubuhi walikuwa wamejaa kwenye benchi na vichwa vilivyolowa. Wa kwanza kuchoka alikuwa mwanamke wa duka la vitambaa, mtu wa kulipa vizuri.

"Hiyo draya nyingine ina nani?"

"Ina kazi ya mume wangu kidogo, dada. Nusu saa tu zamu yako inafika."

Mwanamke akasogea, akabonyeza foronya kwa kidole. "Plastiki? Mimi nimekaa na maji shingoni, plastiki inakaushwa?" Akachukua mkoba wake. "Nilikuja saluni. Sikujua ni gereji." Alilisema kwa sauti ya kufika hadi mlango wa pili, akatoka na taulo la Msusi kichwani.

Uso wa Msusi ukawaka. Benchi zima likamtazama aseme nini. Angeweza kuinyanyua foronya ile. Ilikuwa imebakiza saa mbili.

"Mwenye haraka nitamwelewa," alisema. "Lakini huyo mteja hatoki hapo mpaka akauke. Akitoka mbichi, mume wangu anapanda basi Jumapili."

Halafu nesi wa zahanati, mteja wake wa kila Ijumaa, akavuta kiti chake akakisogeza dirishani. "Mimi zangu zitakauka na upepo," alisema. "Mkaushe vizuri huyo." Wakacheka wote, na wawili wengine wakasogeza viti.

Ndipo akaingia Bosi, shati limenyooshwa mpaka linakata. Akaona foronya chini ya draya. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, huyu anasukwa mtindo gani?"

"Kaka, usinichefue. Nina kazi."

"Nimeleta tiketi ya shemeji." Akaitikisa. "Nimeshaongea na watu, wameniamini. Sasa na nyinyi mnachezea takataka. Hivi kweli unamsaidia mumeo, au unamtia moyo azame vizuri?"

Aliuliza kama ndugu, bila ubaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Msusi. Bosi alikuwa amehangaika kweli kuipata ile kazi.

"Weka tiketi hapo kwenye kioo," alimjibu. "Kesho saa sita utaniuliza."

*

Chenga zilipotoka chini ya draya zilikuwa zinalia kama shanga. Fundi alizilisha kwa Mgeni, wote wakasubiri pa, pa. Haikulia. Uzi ukachungulia mdomoni, laini, wa rangi ya matope yenye michirizi ya kijani, bila povu hata moja. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni akiogopa kusogea, alipiga makofi mara moja kisha akajizuia.

Furaha ilidumu dakika tano. Fundi alishika uzi akaupima kwa kalipa yake. Printa ilitaka unene wa milimita moja na robo tatu, usizidi, usipungue. Huu ulikuwa mbili. Akauvuta, ukawa moja. Akaulegeza, ukavimba. Mota nyingine ya waipa, aliyoiweka mbele ya kuvutia uzi, iliuvuta kwa kushtuka shtuka, na kila ikishtuka uzi ulikonda kama kiuno.

"Ndiyo maana niliifunika," alisema, akakaa chini. "Ni hapa hapa niliposhindwa siku ile. Mvuto lazima uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mashine yangu haina mkono huo."

"Nione."

Msusi alisogea. Uzi ulitoka mdomoni mwa Mgeni, ukapita mbele ya feni, na hatua moja mbele ulikuwa umepoa kiasi cha kushikika. Aliupokea kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyopokea nywele. Akavuta. Hakutazama hata, alitazama ukutani, kama anavyofanya akiwa na msuko mrefu na mteja mwenye umbea mzuri. Miaka ishirini ilikuwa imepita vidoleni mwake, misuko laki ngapi hajui, na kila msuko ulitakiwa utoke kichwani mpaka ncha ukiwa na unene ule ule, la sivyo mteja anarudi. Uzi ukinenepa alijua kabla haujanenepa. Alikaza kidogo. Ukikonda alilegeza.

Fundi akapima. Akapima tena mbele. Akafuta kalipa kwa shati, akapima mara ya tatu.

"Ngapi?" mama mkwe akauliza.

"Moja na robo tatu," Fundi alisema kwa sauti ndogo. Halafu akalipuka. "Moja na robo tatu! Na hapa! Na hapa! Wewe mwanamke, ulikuwa wapi miaka miwili yote hii?"

"Nyuma ya ukuta," Msusi alisema. "Lisha mashine, usiniongeleshe."

Alivuta saa mbili na nusu. Mama mkwe aliviringisha uzi kwenye roli ile tupu, Fundi akalisha chenga na kuita vipimo kama mtangazaji wa mpira. Mkono ulimuuma mpaka begani na Msusi hakutaka kubadilishana na mtu. Alikuwa na furaha ya kijinga kabisa, furaha ya mtu aliyegundua ana pesa kwenye nguo ya zamani. Jua lilipokuwa linazama, foronya ilikuwa tupu na roli ilikuwa na mita hamsini na tatu. Fundi alipiga hesabu: gia kumi na saba zinataka hamsini na moja.

*

Jumamosi asubuhi kumi na mbili zilikuwa mezani tayari, na tano za mwisho zilikuwa zinakua ndani ya printa. Saa mbili, Bosi alipogonga, alimkuta dada yake amepiga magoti mbele ya mashine kama anayechungulia mtoto aliyelala.

"Zimefika ngapi?"

"Shh."

Ilikuwa kama printa ilimsikia. Gia moja ya pembeni ikang'oka kwenye sahani ya printa, ikaburutwa na mdomo wa printa, ikageuka vurugu ya nyuzi. Fundi alizima, akaitoa, akawasha tena zile nne zimalizike. Zikamalizika salama. Kumi na sita, na ile ya kwanza kabisa, kumi na saba. Kwenye roli ulibaki uzi usiotosha gia hata moja.

Bosi alitazama saa yake. Kisha akachungulia mlango wa kati, akaitazama tiketi kwenye kioo, akaiacha pale pale.

Msusi alimgeukia mumewe, akiogopa kumwona ameketi tena juu ya begi. Fundi alikuwa ameishika ile gia iliyoharibika, anaigeuza geuza, na alikuwa anatabasamu.

"Hii haijaharibika," alisema. "Hii inasubiri kusagwa tu. Ila peke yake haitoshi kulisha Mgeni. Tungekuwa na chenga nyingine, bakuli moja hivi…"

Mama mkwe alikohoa. Alikuwa amesimama nyuma yao na kopo mikononi, amelikumbatia.

"Lile bonge," alisema. "Jana foronya ilipokuwa inakauka nililipiga nyundo likawa vipande. Kisha wateja walipoisha nikaviweka kwenye draya mpaka nilipokwenda kulala, na leo alfajiri tena." Akalinyoosha kopo. "Na sikuviosha."

Fundi alimkumbatia mama yake na kopo lake. Vipande vilikuwa vikubwa bado. Msusi alitafuta mtu wa kushika kisagio, maana mkono wake ulikuwa haupandi, na mtu pekee aliyekuwa na mikono mitupu alikuwa Bosi.

"Mimi? Na shati hili?"

"Vua."

Alizungusha akiwa na fulana, mwanzo kwa dharau. Kraa. Baada ya dakika mbili alikuwa amekaza meno na jasho linamtiririka. "Lete kingine!" alipiga kelele. "Leteni, kuna kingine?" Msusi akavuta uzi kwa mkono wa kushoto. Haukuwa mzuri kama wa jana, lakini kalipa iliukubali. Saa nne na nusu printa ikaanza kuijenga ya kumi na nane, na watu wanne wazima wakaitazama ikikua bila hata mmoja kwenda kunywa maji.

*

Mwalimu mkuu alikuwa na futi ya kupimia shingoni na saa mkononi. Saa sita kasoro dakika sita alizikuta gia zimepangwa mezani mbele yake, safu tatu za sita sita, na ile cherehani ya kujaribia imerudishwa mahali pake. Akachukua moja, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni rangi gani?"

Msusi, aliyekuja na mikono inayonuka plastiki na mafuta ya nywele, akajibu kwa niaba ya mumewe.

"Ni rangi ya vyote vilivyoharibika, Mwalimu. Tulivisaga, tukavitengeneza upya."

"Mmeniletea takataka?"

"Tumekuletea gia. Zijaribu."

Wanafunzi kumi na wanane waliitwa. Kila mmoja akafunga gia kwenye cherehani yake mwenyewe, skrubu mbili tu. Mwalimu akanyanyua mkono, akaushusha. Chumba kikalia. Msusi alisikia sauti ile ikimpanda kutoka nyayoni, trrrr moja nene iliyojaa mpaka dari, na akamshika mumewe mkono bila kujali wanafunzi.

"Simamisheni!" Mwalimu alisema. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye pembe. "Ile haiendi."

Msichana wa pembeni alikuwa amekaa mbele ya cherehani iliyokufa, macho yamemtoka. Gia yake ilikuwa ile ya kumi na nane, ya uzi uliovutwa kwa mkono wa kushoto. Fundi alivuka chumba kwa hatua nne, akainama, akachungulia ndani, akachungulia chini ya meza. Akainuka na waya mkononi.

"Hujachomeka, mwanangu."

Alipochomeka, ikalia kama zile nyingine. Darasa likacheka, na Mwalimu akacheka kidogo kwa pua, akajirudi haraka.

"Na zikivunjika?" aliuliza.

"Mturudishie vipande," alisema Msusi. "Hata kimoja kisipotee. Tutavisaga, tutawapa nyingine."

Mwalimu akatoa funguo mbili kwenye mfuko wa koti, akaziweka mezani mbele ya Fundi, akazisogeza kwa kidole. "Wa karakana, na wa chumba cha kompyuta. Huko nako wana printa kama yako. Wana boksi limejaa vilivyowashinda, wanaomba kila siku vikatupwe. Kesho hakuna watu, njoo uvitoe."

*

Jumapili saa mbili asubuhi, nesi wa zahanati alikuwa anafagia mbele ya mlango wake alipomwona Fundi akitoka na begi begani na mkewe nyuma yake. Akaegemea fagio, uso umemshuka.

"Kumbe ndiyo unatuacha, Fundi?"

"Naenda kubeba takataka," Fundi alijibu, na akacheka kwa sauti hadi mtaa ukachungulia. "Chuoni. Nitarudi kabla ya mchana."

Walirudi saa nne, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa begi, limevimba mpaka zipu imegoma kufunga, vipande vya plastiki vimechomoza kila upande. Walilimwaga uani. Mama mkwe akatoka, akaangalia lundo, akaona vumbi. Mikono yake ikaelekea kwenye beseni yenyewe, ikasimama katikati.

"Sioshi," alisema. "Nimesema sioshi. Lakini angalau nipanguse kwa kitambaa kikavu?"

"Kikavu, ruksa, mama," alisema Fundi, akaenda kuivua Mgeni shuka yake.

Msusi alipita chumbani. Mashati matano na sweta yalikuwa kitandani, mahali alipoyamwaga asubuhi akitafuta begi. Aliyakunja upya, akayarudisha kabatini moja moja, la bluu juu kwa sababu ndilo atakaloanza nalo kazi. Nyuma ya ukuta mumewe alikuwa ameshaanza kuibembeleza mashine. Akafunga kabati, akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaenda kushika uzi.